Friji inapouma: ugonjwa huenda uko ukutani

JUMA hili nitakueleza kisa cha mama mmoja mkaazi wa hapa Mbaraki ambaye nusura nimwandikie dawa zisizomfaa. Alikuja zahanati akilalamika kuwa vidole vya mkono wake wa kulia hufa ganzi na kumchoma kama vinavyodungwa sindano ndogo ndogo, na kwamba moyo humdunda ghafla kisha hutulia. Hali hiyo ilikuwa imemsumbua kwa majuma matatu.

Nilimpima shinikizo la damu, nikampima sukari, nikamkagua shingo na mkono. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilifikiria mshipa wa fahamu uliobanwa kiganjani, nikafikiria upungufu wa damu, nikafikiria pia wasiwasi wa maisha, jambo ambalo sisi madaktari hulikimbilia tunapokosa jibu. Nilikuwa nimeshashika kalamu aliposema, kama anayejisemea mwenyewe, "Lakini daktari, hunijia nikiwa jikoni tu."

Nikaweka kalamu chini. Nilimuuliza ni wakati gani hasa. Akafikiri, akasema ni anaposhika mlango wa friji, na zaidi asubuhi anapopiga deki, sakafu ikiwa bado ina maji na yeye hana viatu. Je, kuna mwingine nyumbani anayehisi hivyo? Akacheka. Mwanawe wa miaka minne hukataa katakata kufungua friji, husema friji inauma. Mama alidhani ni utundu. Hata hivyo, yeye mwenyewe alikuwa ameshazoea kuweka champali za mpira mbele ya friji ili azivae kabla ya kuifungua.

Ugonjwa haukuwa mwilini mwa mama huyu. Ulikuwa kwenye nyaya za soketi za nyumba yake, na ulikuwa ugonjwa wa kuua.

UMEME HUFANYA NINI MWILINI?

Stima inayotufikia majumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Lakini kinachodhuru mwili ni kiasi cha mkondo unaopita ndani yake, nao hupimwa kwa ampea. Kwa kuwa mwili huumizwa na mkondo mdogo sana, tutatumia miliampea. Ampea moja ni miliampea 1,000.

Mkondo wa kama miliampea 1 humfanya mtu ahisi mchomo wa sindano, kama alivyohisi mama yule. Ukifika karibu miliampea 10, misuli ya mkono hukakamaa na mtu huenda akashindwa kuachilia kitu alichokishika. Mtaalamu wa Marekani, Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilipima jambo hili kwa watu waliojitolea. Aligundua kuwa, kwa wastani, wanaume hushindwa kuachilia mkondo unapozidi miliampea 16, na wanawake unapozidi miliampea 10 na nusu. Mkondo ukipanda hadi miliampea 30 na zaidi, kupumua huwa kugumu, na ukiendelea kupita kifuani, moyo huweza kupoteza mpigo wake na kuanza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Asipopata msaada, mtu hufa kwa dakika chache.

Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi fulani. Ngozi iliyolowa haizuii sana. Kizuizi cha mwili kikishuka hadi omu 1,000, volti 240 zinaweza kupitisha miliampea 240, mara nane ya kile kiwango cha hatari nilichotaja. Hii ndiyo sababu mama yule alihisi zaidi wakati wa kupiga deki. Na hii ndiyo sababu zile champali zilimponya na maumivu bila kumponya na hatari. Zilizuia umeme kupita miguuni mwake kuelekea sakafuni. Lakini siku ambayo mkono mmoja ungeshika friji na mwingine ushike mfereji wa maji, champali zisingemsaidia kitu.

WAYA WA TATU

Plagi zetu za miguu mitatu zina nyaya tatu ndani. Wa kwanza ni waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu; huu huleta umeme. Wa pili ni waya wa kurudi, yaani nyutro. Wa tatu ni waya wa ardhini, ambao huunganishwa na ule mguu mrefu wa juu wa plagi. Katika nyumba zenye nyaya za zamani, waya wa moto huwa mwekundu na wa kurudi mweusi. Katika nyumba mpya, wa moto ni wa kahawia na wa kurudi ni wa samawati. Waya wa ardhini ni wa kijani, au kijani na manjano.

Vitu vyote vikiwa vizima, waya huu wa tatu haufanyi kazi yoyote. Kazi yake ni kungoja siku ya ajali. Ikiwa waya wa moto ndani ya friji utagusa bati la friji, waya wa ardhini huuchukua umeme huo na kuupeleka ardhini badala ya kuuacha umngoje mtu.

Tatizo ni kwamba waya huu ukikatika, hakuna dalili. Taa zitawaka, friji itapoza, redio itaimba. Ni kama shinikizo la damu: mtu huishi nalo miaka mingi akijiona mzima, mpaka siku linapomwangusha.

Wasomaji wengi huamini kwamba fyuzi itawaokoa. Fyuzi ya plagi iliyoandikwa 13 hupitisha ampea 13 bila kukatika, yaani miliampea 13,000. Hiyo ni zaidi ya mara 400 ya mkondo unaoweza kuua. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya usishike moto. Haimlindi mtu.

Kinachomlinda mtu ni swichi ya usalama, ambayo kwenye sanduku la stima huwa imeandikwa RCD na ina kitufe kidogo chenye herufi T. Swichi hii hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, kwa zile za majumbani, hukata umeme kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Nyumba nyingi za zamani hazina swichi hii. Ya mama yule haikuwa nayo.

NUSU YA UKWELI

Mama alikuwa ameshamwambia mwenye nyumba. Mwenye nyumba alimjibu kuwa friji ni kuukuu, anunue nyingine. Fundi wa friji naye alisema friji haina neno, nyumba ndiyo mbovu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na kwa majuma matatu mama na mwanawe waliishi katikati ya nusu hizo mbili.

Nilimshauri achomoe friji siku ile ile, hata kama samaki wataharibika, na atafute fundi wa stima mwenye leseni. Nilipata nafasi ya kuwapo fundi alipofanya kazi, nami nikaona kuwa anafuata njia tunayofundishwa madaktari: uliza kwanza, kagua, pima, na usitibu kabla ya kujua.

Kwanza aliuliza tatizo lilianza lini, wakati gani huzidi, na soketi zipi zinahusika. Kisha alizima swichi kubwa, akachomoa kila kitu kilichochomekwa nyumbani, na akahakikisha kwa mita yake kwamba soketi hazina umeme. Hakuridhika na ile bisibisi yenye taa ndogo ambayo wengi wetu huiamini. Bisibisi hiyo huweza kudanganya, na kutowaka kwake si ushahidi kwamba waya hauna umeme.

Soketi za nyumba ile ziliunganishwa moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi: ya kwanza sebuleni, ya pili ukumbini, ya tatu na ya nne jikoni. Fundi alichukua waya mrefu, akaufunga upande mmoja kwenye kipande cha shaba ambapo nyaya zote za ardhini hukutana sandukuni, kisha akapima kutoka hapo hadi tundu la juu la kila soketi. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, mita haikuonyesha chochote. Ya nne vile vile.

Msomaji, tazama jinsi jambo kubwa lilivyokuwa dogo. Ikiwa waya wa ardhini unafika soketi ya pili lakini haufiki ya tatu, basi umekatika baina ya hizo mbili au kwenye mojawapo ya hizo. Hakukuwa na haja ya kubomoa ukuta wa nyumba nzima. Nyumba ikiwa na soketi nyingi, fundi mzuri huanzia katikati. Akiona nusu moja ni nzima, huiacha, huigawa nusu nyingine, na huendelea hivyo hivyo. Kati ya soketi 16, vipimo vinne hutosha kumfikisha mahali penyewe.

Fundi alifungua soketi ya pili, iliyokuwa nyuma ya kabati. Waya wa ardhini ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake, na ncha yake ilikuwa ya kijani kwa kutu ya shaba. Ukuta ulikuwa na unyevu. Sisi wakaazi wa kisiwa hiki tunaijua hewa yetu: upepo wa bahari hubeba chumvi, na kuta za mawe ya matumbawe za nyumba zetu za zamani hunyonya maji wakati wa masika. Chumvi na unyevu hula shaba polepole.

Lakini hakuishia hapo. Waya wa ardhini uliokatika hauumi mtu peke yake. Lazima kuwe na umeme unaovuja. Akaipima friji kwa kile kifaa ambacho mafundi hukiita mega, ambacho hutumia volti 500 kupima kama ganda la waya bado linazuia umeme. Nyaya nzima zinapaswa kuonyesha angalau omu milioni moja. Friji ilionyesha chini sana ya hapo. Umeme ulikuwa ukivuja kutoka kwenye mota hadi kwenye bati.

Kwa hivyo magonjwa yalikuwa mawili. Kama mama angenunua friji mpya tu, ganzi ingeisha na kila mtu angefurahi, lakini jikoni kungebaki bila waya wa ardhini, kukingoja birika au pasi ya kwanza kuharibika. Na kama waya tu ungetengenezwa, friji ingeendelea kuvuja bila mtu kuhisi. Kuondoa maumivu si kutibu, kwa mwili na hata kwa nyumba.

UNALOWEZA KUFANYA WEWE MWENYEWE

Yako mambo ambayo msomaji anaweza kuyafanya bila kufungua soketi wala kugusa waya. Kama nyumba yako ina swichi ya usalama na inajizima mara kwa mara, fuata hatua hizi ukiwa umevaa viatu vikavu na mikono yako ikiwa mikavu:

Kwanza, chomoa kila kitu kwenye soketi zote. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu aghalabu swichi hiyo hukata waya wa moto peke yake, na waya wa kurudi hubaki umeunganishwa. Chomoa kabisa, pamoja na friji na vitu vilivyo nyuma ya makabati.

Pili, iwashe ile swichi ya usalama. Ikikubali kukaa, ugonjwa huenda uko kwenye kimojawapo cha vyombo ulivyochomoa. Chomeka kimoja kimoja, ukikiwasha na kungoja kidogo. Kile kitakachoizima ndicho cha kushukiwa. Anza na vile vinavyopasha moto au vinavyokaa karibu na maji: birika, pasi, mashine ya kufulia, friji. Friji ipe muda, kwa kuwa mota yake huwaka na kuzima. Ikiwa hakuna hata kimoja kinachoizima peke yake, huenda vyombo kadhaa vinavuja kidogo kidogo na jumla yake ndiyo inayozidi. Mweleze fundi jambo hilo.

Tatu, kama swichi inakataa kukaa hata soketi zote zikiwa tupu, ugonjwa uko kwenye nyaya za nyumba, au kwenye kitu kilichofungwa moja kwa moja, kama vile mashine ya maji moto ya kuogea. Hapo kazi yako imekwisha. Acha umeme wa sehemu hiyo ukiwa umezimwa na umwite fundi.

Nne, andika ulichokiona: saa, hali ya hewa, chombo gani, soketi ipi. Tatizo linalokuja mvua ikinyesha pekee humwambia fundi atafute mahali maji yanapoingia. Mgonjwa anayeeleza vizuri hutibiwa haraka.

Mara moja kila baada ya miezi michache, bonyeza kile kitufe chenye herufi T. Swichi lazima ijizime papo hapo. Isipojizima, hailindi mtu. Kagua soketi kwa macho na pua pia: weusi pembeni, plastiki iliyoyeyuka, harufu ya kuungua, au plagi inayotoka ikiwa ya moto. Skrubu iliyolegea huzaa joto. Ikiwa mahali pamelegea pana kizuizi cha nusu omu tu na ampea 13 zinapita hapo, joto lake ni la wati 84, zaidi ya balbu ya kale ya wati 60, ndani ya kiboksi kidogo cha plastiki.

MAKOSA YANAYOUA

Usikubali fundi "airuke" swichi ya usalama kwa kuwa inasumbua. Swichi inayojizima inakuambia kuna umeme unaovuja. Kuiruka ni kumziba mdomo anayepiga kelele za moto. Usitie waya mnene wala msumari mahali pa fyuzi. Usichomeke kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili uingize plagi ya miguu miwili, mtindo ambao watoto wetu wameuiga. Usikate mguu wa tatu wa plagi.

Wapangaji nao wajue kuwa Kenya Power hushughulikia stima mpaka kwenye mita. Nyaya baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba. Mtakeni aliyeletwa kufanya kazi aonyeshe leseni yake kutoka EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi na mafuta.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Usimguse. Zima swichi kubwa kwanza. Ukishindwa kuifikia, simama juu ya ubao mkavu au kitu cha plastiki, umsukume kwa mti mkavu wa ufagio. Haya ni kwa umeme wa nyumbani tu; waya wa barabarani ulioanguka usiukaribie kabisa.

Akiwa hana fahamu na hapumui vizuri, tuma mtu aite msaada, nawe anza kumbonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike au aanze kupumua. Njia hii ina uhusiano na somo letu. William Kouwenhoven, mmoja wa walioieleza mwaka 1960 huko Johns Hopkins, Marekani, alikuwa mhandisi wa umeme aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi stima inavyosimamisha moyo.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20, baada ya umeme kuzimwa. Usipake dawa ya meno, siagi wala unga. Jeraha la umeme huwa dogo juu ya ngozi na kubwa ndani, kwa hivyo usilidharau.

Mpeleke hospitali bila kungoja mtu aliyezimia hata kidogo, anayehisi moyo kudunda au maumivu ya kifua, aliyeungua, anayekojoa mkojo mweusi kama kahawa, au mama mjamzito hata akijihisi mzima. Mtoto aliyetafuna waya akaungua pembe ya mdomo huhitaji uangalizi wa zaidi ya juma moja, kwa sababu kidonda hicho huweza kutoka damu nyingi siku kadhaa baadaye, gaga linapobanduka.

Mama yule alirudi baada ya mwezi, safari hii kwa kikohozi cha mwanawe. Waya ulikuwa umefungwa upya, mota ya friji imebadilishwa, na mwenye nyumba, baada ya maneno mengi, amelipia swichi ya usalama. Ganzi haikurudi. Malalamiko yake mapya ni kwamba mtoto hufungua friji kutwa nzima.

Basi msomaji, nyumbani mwako mtoto akisema kitu kinauma, muulize kinauma wapi na lini kabla ya kumkanya. Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.